Kumbukumbu ya mradi wa seli ya ini: gadoliniamu imekubali

Hatimaye mfano wangu wa kompyuta wa seli ya ini umefanya jambo ambalo umekuwa ukilikataa tangu kusi ilipoanza kuvuma hapa Lamu. Nikiweka gadoliniamu, metali inayoziba milango ya kalsiamu, ya maikromola 1, mapigo ya kalsiamu (kupanda na kushuka kwake ndani ya seli) yanazidi kuachana na mwishowe yanakatika. Nikiweka ya milimola 1, yaani mara 1,000 zaidi, mapigo yanaendelea. Asiyezoea mambo haya atadhani kwamba nimebadilisha majina ya michoro miwili. Sikubadilisha. Ndivyo watafiti Gary Bird na James Putney walivyoripoti mwaka 2005 katika seli za HEK293, ambazo asili yake ni figo ya kijusi cha binadamu, nami nilitaka kuona kama milinganyo ya ini itafuata njia hiyo hiyo.

Habari za IP3, ujumbe wa kemikali unaofungua ghala la kalsiamu ndani ya seli, na za ghala lenyewe sizirudii kwa kirefu, kwa kuwa wanaofuata kumbukumbu hizi wanazijua. Linalonishughulisha ni uingiaji wa kalsiamu kutoka nje. Seli ya ini haifungui milango yake kwa mabadiliko ya umeme kama ifanyavyo seli ya msuli wa moyo. Mlango wake mkuu hufunguka pale ghala linapopungua, jambo ambalo Putney alilipendekeza mwaka 1986, na ambalo miaka 20 baadaye lilipata protini zake: STIM1 inayohisi upungufu, na Orai1 ambayo ndiyo mlango wenyewe. Nje ya seli kalsiamu huru ni kama milimola 1.2, na ndani, seli ikiwa imetulia, ni kama maikromola 0.1. Kwa tofauti kubwa namna hiyo, ufa mdogo tu katika mlango hubadilisha hesabu yote.

Dozi ndogo haikunipa taabu. Gadoliniamu huziba Orai1 kutoka nje, seli huendelea kupiga kwa akiba iliyo ghalani, na kila pigo hupoteza kiasi fulani kwa pampu ya utando wa nje, hata akiba ikashindwa kutoa pigo jingine. Ni sawa na birika ambalo mfereji wake wa kuingizia umefungwa huku watu wakiendelea kuteka. Dozi kubwa ndiyo iliyonitesa. Mlango ukishafungwa wote kwa maikromola 1, kuongeza dawa hakuufungi zaidi, kwa hiyo mchoro wa dozi kubwa ulikuwa ukitoka pacha wa ule wa dozi ndogo. Niliongeza akiba ya mwanzo, nikapunguza mvujo wa ghala, nikapandisha IP3. Kila hatua ilichelewesha kifo cha mapigo bila kukizuia. Kibaya zaidi, kila hatua iliharibu tabia ambayo mfano ulikuwa tayari unaionyesha vizuri, ile waliyoiona Woods, Cuthbertson na Cobbold mwaka 1986 katika seli mojamoja za ini la panya: homoni ikiongezwa, mapigo huja haraka zaidi, lakini urefu wa kila pigo haubadiliki sana. (Waliyaona kwa mwanga wa ekworini, protini inayotokana na konyeza wa pwani ya magharibi ya Marekani. Wavuvi wetu wanaowashwa na konyeza hawana habari na sifa hiyo.)

Ufunguo ulikuwa kwenye kutoka, si kwenye kuingia. Gadoliniamu ikizidi hufikia na kuzuia pampu ya utando wa nje pia, ile inayoitoa kalsiamu. Hapo haiingii na haitoki; iliyomo huzunguka tu kati ya majimaji ya seli na ghala, ikitolewa na IP3 na kurudishwa na pampu ya ghala, na mapigo hayana sababu ya kukatika. Nilipoipa pampu ya nje kizuizi chake, chenye dozi yake iliyo juu sana kuliko ile ya mlango, mapigo yaliendelea mpaka mwisho wa muda nilioupanga, nikaurefusha muda, yakaendelea. Nakiri nilipiga makofi peke yangu chumbani.

Anayejenga mfano kama huu namshauri aandike jumla ya kalsiamu ya seli kama kigezo kinachojitegemea, badala ya kuiacha ijifiche ndani ya vigezo vingine. Mstari wake ndio ulionionyesha yote: katika dozi ndogo unashuka ngazi kwa ngazi, katika dozi kubwa umelala kabisa. Kuhusu zana, lahajedwali halifai kazi hii, kwa sababu pigo hupanda kwa sekunde chache ilhali akiba hupungua kwa dakika nyingi. Katika SciPy, maktaba ya hesabu ya lugha ya Python, naitumia LSODA, kitatuzi cha milinganyo ambacho hubadili mbinu chenyewe milinganyo inapokuwa migumu. Kitatuzi kingine, RK45, kinakwenda kwa hatua ndogondogo hadi betri inakaribia kwisha. Programu ya XPPAUT ina sura ya kizamani, lakini kwa kutafuta mahali ambapo mapigo yanaanza na kukoma sijaona inayoishinda.

Mpango ulikuwa kwamba baada ya hapa nishughulikie verapamili na nifedipini, hasa kwa sababu mpwa wangu mwenye duka la dawa Langoni aliniuliza, "Mjomba, hizi dawa za presha zinazofunga milango ya kalsiamu, mbona hazilizimi ini?" Nilimjibu kwamba zinafunga milango inayoendeshwa na umeme, iliyo katika misuli ya mishipa ya damu na moyo, na kwamba ini hukutana na nifedipini kwa kazi nyingine, ya kuivunjavunja. Jibu hilo lilimtosha, na faili la verapamili nimelifunga kwa sasa.

Nimevutwa na 2-APB, dawa ya maabara. Dawa hii haina adabu: kwa maikromola chache huongeza uingiaji kupitia Orai1, kwa 50 na zaidi huuzuia, na tangu ilipotambulishwa mwaka 1997 inajulikana pia kuzuia kipokezi cha IP3, yaani mlango wa ghala lenyewe. Mapigo yakikatika, nani aliyeyakata? Seli iliyofungwa kwa gadoliniamu ya milimola 1 inanipa njia ya kuuliza, kwa kuwa humo mlango hauna tena la kusema. Nimeweka 2-APB ya maikromola 50 ndani ya seli hiyo, na mapigo yamekatika. Katika mfano huu, basi, kosa ni la kipokezi cha IP3. Ila dawa hiyo hugusa hata pampu ya ghala, ambayo bado sijaipa kizuizi, na usiku huu ndiyo ninayoiandikia mlinganyo.