Siku moja maishani mwangu: kupandisha watu mlima Kasigau

Majirani zangu Likoni wanajua kazi yangu ni kutembeza watu, ati mie nalipwa kwa kustarehe. Haya, twende pamoja.

Saa nane usiku niko macho, saa tisa nshavuka feri, saa tisa na nusu Mwembe Tayari nahesabu vichwa: kumi na mmoja, wa kumi na mbili yuaja toka Nyali, "niko njiani". Njiani kwake ni dakika arubaini.

Mahamri, usingizi, Mariakani, Maungu tukaacha lami, vumbi mpaka Rukanga. Mzee wa kijijini anayetuongoza akautazama mlima umejifunika mawingu, akasema tu, "Leo kunateleza."

Sasa huyu bosi wa Nyali. Kavaa raba nyeupe pe, za kwendea harusi. Kasigau ni zaidi ya mita 1,600 na sisi twatoka baharini kwenyewe, mapafu hayajazoea, na njia haikuzungushi, yapanda tu kama ngazi mbovu. Kila hatua ishirini akaa. "Kijana, bado?" Namwambia hapo mbele tu bosi, na hapo mbele ni masaa mawili. Nikabeba begi lake, kisha maji yake, kisha tulipoingia msitu wa juu, ule ambao miti imeota manyoya ya kijani na mizizi yatiririka maji, nikawa nambeba yeye karibu mzima. Nikamsimulia vile 1915 Wajerumani waliuteka mlima huu mikononi mwa Waingereza, nimsahaulishe miguu, akaniuliza kama kileleni kuna netiweki.

Kileleni, ukungu mtupu. "Ndo nilicholipia hiki?" Nikanyamaza. Mara upepo ukapasua wingu, nyika yote ya Tsavo hiyo chini, nyekundu mpaka macho yachoke, wenzake wapiga mayowe, yeye kainamia begi atafuta pawabenki. Kuinua kichwa, pazia lishafungwa. Akadai nilipanga makusudi.

Kushuka ndo kazi, saa hata sikuangalia tena, magoti yalikuwa yakisema yenyewe. Alianguka mara tatu, ya tatu kaniangukia mie, tukabaki hapo matopeni twacheka kama wehu.

Usiku, feri. Ule mteremko wa kuingilia niliushuka ubavu ubavu kama kaa, fimbo mkononi, na mwenye mkokoteni nyuma akapiga kelele: "Mzee, pisha!"

Nina miaka 29.