Stika ya herufi nene iliyokuwa ikitoka vipande

Nimepumua. Siku mbili nimehangaika na stika ya kioo cha nyuma cha taksi, neno moja tu: KARIBU, kwa fonti (mtindo wa herufi) ya Montserrat, ile nene kuliko zote. Kwenye kompyuta safi kabisa. Nikiipeleka Nasser Road, mtaa wa wachapishaji Kampala, kukatwa, kisu cha mashine kinapita ndani ya K na A, pale miguu inapokutana. Ukibandua, herufi inabaki nusu.

Tulibadilisha kisu, tukapunguza kasi. Nikageuza maandishi kuwa mchoro katika programu ya kuchora ya Inkscape, kwa Ctrl+Shift+C. Wapi!

Kumbe nilikuwa nimepakua fonti ya faili moja lenye unene wote ndani yake. Katika mafaili ya namna hiyo, miguu ya herufi mara nyingi hulazwa moja juu ya nyingine bila kuunganishwa. Rangi ikijaa huoni kitu. Kisu kinafuata kila mstari.

Basi: panga kwanza nafasi za herufi na uweke nakala, maana baadaye huwezi kurekebisha tahajia. Geuza kuwa mchoro, vunja kundi kwa Ctrl+Shift+G, chagua herufi zote, halafu Ctrl na alama ya kujumlisha, inayounganisha vipande vinavyolaliana. Hiyo kujumlisha ndiyo niliyoikosa siku mbili zote.

A ilitoka nzima, na kipembetatu chake katikati.