Siku Tulipoifumba LUKU Jicho

Grafu ya umeme wa nyumba ile ilikuwa na vilima siku ya kwanza, vilima siku ya pili, na siku ya tatu vilima mpaka saa tatu kasoro dakika chache usiku. Kuanzia hapo mstari ulilala chini, sifuri, siku kumi na moja mfululizo. Tulikuwa tumeketi mkekani, ukumbini, Tandika, Jumamosi moja ya mwaka 2018. Laptopu ilikuwa mapajani kwa mwanafunzi wangu wa mwaka wa tatu, na wenzake wawili wamemwinamia mabegani.

"Kihisi kimeungua," alisema. Ndiye aliyekiunda, na alisema kwa sauti ya mtu aliyefiwa.

Hakikuwa kimeungua. Kilikuwa kinaning'inia kwenye waya wake kando ya mita, na kile kipande cha utepe mweusi tulichokibandikia kilikuwa kimekunjwa vizuri kikabandikwa ukutani, kisipotee.

Nafundisha usanifu wa mwingiliano, yaani namna vifaa vya kidijitali vinavyokutana na mikono, macho na maisha ya watu. Sehemu yangu katika fani hiyo ni ule upande unaouliza kifaa kinakula nini, kitadumu muda gani, na kikifa kitazikwa wapi. Wanafunzi huliita "somo la mazingira", nami nimechoka kuwasahihisha. Makala inayotajwa sana kuwa chimbuko la upande huo ni ya Eli Blevis wa Chuo Kikuu cha Indiana, iliyotoka kwenye CHI, mkutano wa watafiti wa mwingiliano wa watu na kompyuta, huko San Jose, California, mwaka 2007. Hoja yake moja niliibeba kama hirizi: ukibuni kitu kipya bila kueleza kile cha zamani kinachosukumwa kando kitaishia wapi, ubunifu wako haujakamilika. Nimeiandika ubaoni kila mwaka. Nimeitungia maswali ya mtihani.

Na bado nilikwenda Tandika na boksi lenye taa.

Wazo la taa lilitoka Uswidi. Katikati ya miaka ya 2000 wabunifu wa taasisi ya utafiti ya Interactive Institute walitengeneza waya wa umeme uliong'aa bluu kadiri mkondo unavyopita ndani yake, na taa iliyochanua kama ua pale nyumba inapopunguza matumizi. Nia ilikuwa mtu auone umeme kwa macho ili autumie kwa adabu. Nilivutiwa sana. Nikawaambia vijana wangu watengeneze letu la kienyeji: boksi la plaiwudi, kijani nyumba ikitumia kidogo, nyekundu ikizidisha.

Ili boksi lijue nyumba inatumia kiasi gani, tulitumia kile kitaa chekundu kinachowaka na kuzima kwenye mita ya LUKU, ile ya umeme wa kulipia kabla. Mita ya nyumba ile imeandikwa usoni 1000 imp/kWh, maana yake kitaa kikikonyeza mara elfu moja, uniti moja imekwenda. Kihisi chetu kilihesabu makonyezo. Hatukufungua kitu, lakiri hatukuigusa. Tulikifunika tu kitaa kwa utepe mweusi, mwanga wa mlangoni usije ukakidanganya kihisi.

Mwenye nyumba tulimwita Bibi, kama wapangaji wake wote. Vyumba vitatu huku, vitatu kule, ukumbi katikati, uani nyuma, mita moja. Alikuwa kizingitini anapeta mchele.

"Shikamoo tena, Bibi. Samahani, nani amebandua kile kidude?"

"Marahaba. Mimi." Akaendelea kupeta. "Mmeifumba jicho, mwalimu. Siku ya kwanza nikavumilia, ya pili nikavumilia, nikasema hawa wageni nimewakaribisha mwenyewe. Ya tatu nikaona hapana. Nyumba itakwenda vipi bila kuona?"

Nilianza kumweleza kwamba boksi ndilo jicho jipya, tena lenye rangi. Alinitazama kwa huruma, akaweka ungo chini.

"Njooni."

Tukasimama wanne chini ya mita kama watoto wa madrasa. Ilikuwa kama saa nne asubuhi, wapangaji karibu wote wametoka. Bibi akasema sasa hivi nyumba nzima kuna friji tu, ya chumba cha pili kushoto. Kitaa kikakonyeza. Papo hapo akaanza kusoma Alhamdu, taratibu, midomo ikicheza. Alipofika "waladh-dhaallin", kitaa kikakonyeza tena.

"Friji ni Alhamdu moja," alisema. "Ikipungua, mlango haujafungwa vizuri."

Yule kijana alikuwa amebonyeza saa ya simu yake. Sekunde 36. Akagawa 3600, yaani sekunde za saa nzima, kwa 36 kichwani, nikamwona anameza mate. Wati 100.

Bibi akamwita mjukuu wake achomeke pasi. Sasa kitaa kilikimbia: akisema "Bismillahir-Rahmanir-Rahim" kinapiga, akirudia kinapiga. "Pasi ni Bismillahi. Mtu akipiga pasi kwa siri usiku, mimi nikienda chooni napita hapa, najua." Tuliigeuza pasi tukasoma kibati chake. Wati 1000. Mimi na digrii zangu tatu sikuwahi kuitazama mita hata mara moja kwa nia ya kuisoma. Nilichokuwa nakijua ni kwamba ikianza kulia, nikanunue tokeni.

"Na hili lenu," akanyosha kidole kwenye boksi, ambalo muda wote huo lilikuwa linang'aa kijani. "Jumatano friji ilizimwa kusafishwa, hakuna mtu ndani, hakuna taa. Nikalisomea Yasini. Nimeisoma nzima, namaliza ndipo likakonyeza. Linakula. Linakula kidogo kidogo kama mchwa."

Yasini yake ilikuwa dakika ngapi? Kama ishirini hivi, alisema mjukuu. Kijana wangu akafanya tena hesabu, safari hii kwenye karatasi, labda kwa kutumaini kwamba karatasi itamhurumia. Wati 3, usiku na mchana, siku 30: uniti mbili na ushei kwa mwezi. Chombo chetu cha kubana matumizi kilikuwa kinatumia umeme wa watu, na kwa kuwa kihisi kilikuwa kimebanduliwa kinasoma sifuri, kwa siku kumi na moja kilikuwa kimewaka kijani kuipongeza nyumba kwa kutotumia kitu chochote.

Hapo ningeweza kufunga begi nikarudi chuoni na kisa cha kuchekesha. Lakini nilikuwa bado nauliza ile saa tatu kasoro ya usiku wa siku ya tatu. Kwa nini saa ile? Mtu mzima hasubiri siku tatu halafu akapanda kigoda usiku.

Bibi akaingia ndani akatoka na kaunta buku. Kila ununuzi ulikuwa na mstari wake: tarehe, nani katoa kiasi gani, uniti zilizopatikana, na tokeni yenyewe, tarakimu zote 20, imenakiliwa kwa mkono na kupigiwa mstari ikishaingizwa. Ukurasa wa mbele kabisa ulikuwa na hisa. Chumba chenye balbu na chaja ya simu, hisa moja. Chenye televisheni na sabufa, moja na nusu. Chenye friji, tatu. Hisa hizo zilipangwa kwenye kikao, baada ya ugomvi ambao Bibi hakutaka kuusimulia mbele ya vijana. Blevis naye anataja kushirikiana kifaa kimoja miongoni mwa njia za kupunguza vitu duniani, na darasani nilikuwa nalipitisha jambo hilo harakaharaka kama heri isiyo na gharama. Gharama yake niliikuta mle, kwa kalamu ya bluu, miaka minne ya mistari.

"Huyu wa friji anauza barafu za ukwaju na juisi za ubuyu, watoto wa shule wananunua," alisema Bibi, sasa kwa sauti ya chini. "Analipa hisa tatu, hajawahi kuchelewa. Lisanduku lako likaja. Magharibi ikiingia, watu wamerudi, taa zote, televisheni zote, friji inanguruma, lisanduku linawaka jekundu. Kila anayepita anatazama mlango wa nani?"

Hakuna aliyejibu.

"Wa friji. Siku ya kwanza macho. Siku ya pili maneno. Siku ya tatu, tunakula, mmoja akasema kwa sauti, 'Leo tena barafu zinatuwashia taa ya hatari.' Mwenye friji akasimama, akasema kesho anahama. Mwalimu, yule ana watoto wawili. Nikapanda kigoda."

Basi. Ule mwisho wa vilima kwenye grafu ulikuwa ni Bibi juu ya kigoda.

Mwaka 2012 kikundi cha watafiti, akiwemo Phoebe Sengers wa Chuo Kikuu cha Cornell, walichapisha makala ya kuzikosoa teknolojia za kushawishi, yaani vifaa vya kumsukuma mtu abadili tabia: kwamba zinalibana suala zima la mazingira hadi liwe tabia ya mtu mmoja mmoja. Ilikuwa kwenye orodha yangu ya usomaji, wiki ya sita. Nilikuwa nimeifundisha mara tatu au nne, na wanafunzi wakaielewa vizuri kuliko mimi, maana mmoja wao aliwahi kuniuliza boksi letu linatofautianaje na yale yanayosemwa mle, nikamjibu kwamba sisi muktadha wetu ni tofauti. Ulikuwa tofauti kweli.

Kabla hatujaondoka Bibi aliniuliza swali lililonikaa mpaka leo. Wakati ule mita isiyozidi uniti 75 kwa mwezi ililipia shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na makato, na mita ya matumizi ya kawaida shilingi 292. Nyumba yake ilikwenda kama uniti 140. Zigawe kwa vyumba sita, hata mwenye friji na hisa zake tatu hafiki 75. Lakini mita haijui vyumba. Inahesabu nyumba.

"Sisi ni wadogo sita," alisema. "Tukikaa pamoja tunahesabiwa mkubwa mmoja. Sasa wewe uliyesoma, hilo unalitengenezea nini?"

Nilimwambia sijui. Tungeweza kutengeneza vijimita vya kila chumba, nikasema, ili hisa zitokane na hesabu badala ya kikao. Akafikiri, akasema vyumba sita ni Yasini sita, na kikao chao kina faida moja: mtu akifiwa, au akiugua, wanamwachia mwezi. Kijimita kitamwachia?

Muhtasari niliokuwa nimeutuma kwa ajili ya mkutano fulani, unaoanza na maneno "kaya za kipato cha chini hukosa taarifa za matumizi yao ya umeme", niliuondoa Jumatatu. Mwenzangu wa idara alishangaa, alidhani tumeibiwa data. Na zoezi la kwanza la somo langu nikalibadilisha: hakuna kugusa waya wala programu mpaka mwanafunzi akae jioni moja na kitu kilichopo tayari, aandike watu wanakisomaje. Hulalamika kila mwaka kwamba ni zoezi la kukaa bure.

Tulipokuwa tunafungasha, Bibi alimsaidia kijana kukunja nyaya. Boksi akamrudishia, kihisi akamrudishia, hata kile kipande cha utepe alikibandua ukutani akampa. Adapta akabaki nayo mkononi, anaigeuza.

"Hii inaingia kwenye simu?"

"Inaingia, Bibi. Ni volti tano."

"Basi niachieni. Yangu siku hizi inapata moto mpaka naogopa kulala."

Vifaa vya maabara vina daftari lake la kurudisha, na mtunza maabara wetu hana mzaha. Jumatatu nilikuta kijana ameshajaza kila kitu kwa mwandiko mzuri: boksi 1, limerudi, kihisi 1, kimerudi, adapta 1, imebaki Tandika, inafanya kazi.