Kutoka Tanga hadi Same: Joto na Mvua Njia Nzima

Basi lilitoka Tanga alfajiri, nami nilikuwa nimewahi kiti cha dirishani upande wa kulia, upande wa milima. Safari hii niliitamani kwa muda mrefu. Ramani za tabianchi hudai kwamba ukijua mambo mawili kuhusu mahali, joto lake na mvua yake, unaweza kukisia kinachoota pale hata kama hujawahi kufika. Barabara ya Tanga hadi Same ni pazuri pa kulipima dai hilo, maana inapita penye kila kitu kwa mwendo wa siku moja.

Mpaka Muheza ni pwani tupu: minazi, mikorosho, kisha michungwa imejipanga hadi ukingoni mwa lami. Wladimir Köppen, mwanasayansi aliyezigawa tabianchi za dunia katika makundi ya herufi, angeipa nchi hii herufi A. Alizaliwa Urusi mwaka 1846 katika ukoo wa Kijerumani, na alisomea mimea kabla ya kuzama kwenye hali ya hewa. Ndiyo maana mpangilio wake wa mwaka 1900 unaanzia kwenye miti. Alitazama mahali msitu unapokoma, kisha akatafuta namba inayolingana na mpaka huo. Kundi A ni nchi ambazo hata mwezi wake wa baridi kuliko yote una wastani wa nyuzi 18 au zaidi. Tanga imo, Mombasa imo, Kisangani imo, na Manaus ya Brazili imo.

Usambara Mashariki ilikuwa imefunikwa na wingu. Upepo wa baharini ukifika pale hauna njia ila kupanda, na hewa ikipanda hupoa, ikipoa huangusha maji. Amani, iliyo juu ya milima hiyo kwenye mita 900 hivi, hupata karibu milimita 1,900 za mvua kwa mwaka. Misitu ile ndiyo asili ya Saintpaulia, ua dogo la zambarau linalopamba madirisha ya nyumba nyingi Ulaya.

Baada ya Korogwe na mashamba yake ya mkonge tukafika Mombo, jua linachoma. Hapo nikashuka, nikapanda gari dogo la Lushoto. Ni kilometa 33 hivi za kona juu ya kona, na kabla hatujafika Soni abiria walishaanza kufunga vioo. Nilimwamkia mama niliyeketi naye.

“Marahaba mwanangu. Mbona hujabeba sweta?”

Akajifunga kanga ya pili mabegani, akanieleza kwamba Julai kwao watu huota moto asubuhi. Hayo ndiyo maelezo ya kundi C: mwezi wa baridi wastani wake unashuka chini ya nyuzi 18, lakini bado hakugandi muda mrefu. Kila mita 1,000 unazopanda hupunguza joto kwa nyuzi 6 hivi, na Lushoto iko kwenye mita 1,400. Sokoni nilikuta mapeasi, plamu, kabichi na karoti. Msitu wa Magamba, juu zaidi, una miti mikubwa ya mkulo na matawi yaliyojaa kuvumwani. Mpeasi unahitaji baridi ili uzae vizuri. Ukiupanda Mombo, chini tu hapo, utapata majani tu.

Nilirudi Mombo, nikaendelea kuelekea Same, na hapa ndipo pananivutia kuliko pote. Milima iko palepale kulia, ya kijani, lakini barabara iko upande wa pili wake, ambako upepo unateremka ukiwa umekwisha kumwaga maji. Migunga, mibuyu, udongo mwekundu, mbuzi wanaojinyoosha kufikia majani. Same hupata chini ya milimita 600 za mvua kwa mwaka. Lakini London nayo hupata kama milimita 600, na London ni nyasi za kijani mwaka mzima!

Kinachozitofautisha ni joto, kwa sababu joto ndilo linalokunywa mvua. Köppen aliweka kanuni: kwa mahali ambapo mvua haikulemea msimu mmoja, zidisha wastani wa joto kwa 20, ongeza 140. London, yenye nyuzi 11 hivi, inahitaji milimita 360 tu ili isihesabiwe kame. Tambarare yenye nyuzi 24 inahitaji 620. Same haifiki, basi inaangukia kundi B, nchi kame.

Kasoro ninayoiona kwenye hesabu hii ni ule wastani wa mwaka. Mkulima wa hapa haishi kwa wastani. Anaishi kwa masika na vuli. Vuli ikikosa, mahindi yanakauka hata kama jumla ya mwaka itakuja kuonekana nzuri. Moto na mifugo navyo huamua kama mahali patakuwa na vichaka au nyasi, na namba mbili hazivioni.

Wapare walilijua tatizo hili na wakalijengea jibu. Huko Makanya na milimani juu yake wana ndiva, mabwawa madogo yanayozuia maji ya vijito usiku kucha. Asubuhi mlango unafunguliwa, maji yanashuka kwa mifereji, na kila mwenye shamba anayapokea kwa zamu yake. Mvua iliyonyesha kwenye baridi ya juu inaoteshea mahindi kwenye joto la chini, mahali ambapo ramani inasema mvua haitoshi.