Siku moja maishani mwangu: mimi ndiye "Dada Google" wa Keko

Saa 11 alfajiri naamka Tabata, na kabla sijanawa uso nimeshafungua simu. Siyo umbea. Usiku watu huacha maoni kwenye kurasa za Google za wateja wangu, na yale ya nyota moja lazima niyawahi kabla mwenye duka hajayajibu mwenyewe kwa hasira. Leo lipo moja: "Nimefika, pamefungwa." Alifika Jumapili. Duka halifunguliwi Jumapili, ila mimi ndiye niliyesahau kurekebisha saa za Jumapili. Naomba radhi, narekebisha, naenda kuoga.

Kazi yangu haina jina zuri. Mama huwaambia majirani kwamba "anaandikisha maduka kwenye simu." Wengine wananiona tapeli, na siwalaumu: mjini hapa kila mwenye begi mgongoni anayeanza na neno "mtandaoni" ana kitu cha kukuuzia. Ninachofanya ni kwamba mtu akiandika "fundi friji karibu nami" au "saluni Ilala", yule fundi wa kweli mwenye banda lake la kweli atokee kwenye Google Maps, pini, ile alama ya mahali kwenye ramani, ikae mlangoni kwake na simu iliyoandikwa pale ikipigwa ipokelewe.

Saa 2 niko Kariakoo, Mtaa wa Kongo. Nabadilisha picha za duka la vitenge na kufuta namba iliyokufa. Saa 3 na nusu Ilala kwa mama lishe, napiga picha pilau kabla halijapoa. Nusu ya malipo yangu naila palepale.

Saa 5 Keko, na hapo ndipo siku ilipokwama.

Mteja ni mzee fundi wa makochi, mikono ya dhahabu kweli. "Shikamoo mzee." "Marahaba, binti. Sasa mimi maneno mengi sitaki. Mtu yeyote Dar hii akiandika makochi, niwe namba moja." Nikamweleza kama ninavyowaeleza wote. Google wenyewe wanasema wanaangalia mambo matatu: biashara yako inaendana kiasi gani na kilichotafutwa, iko mbali kiasi gani na anayetafuta, na inafahamika kiasi gani. Nafasi hiyo hainunuliwi. Ukitaka kulipa, unalipia tangazo, nalo litaonekana ni tangazo. Mtu aliyeko Bunju ataletewa kwanza makochi ya huko huko.

"Kwani Bunju kuna makochi?"

Akaja na jingine. Jina la biashara tuliandike "Makochi Vitanda Kabati Bora Bei Nafuu Dar es Salaam". Nikakataa. Jina liwe lile lililo kwenye kibao, ukirundika maneno ukurasa unaweza kufungiwa. Kumbe kwenye kibao limeandikwa jina la kifungua mimba wake, na kwenye leseni lipo la kwake mwenyewe. Tukazunguka hapo robo saa. Mwisho tukashika la kibao, maana ndilo wateja wanalolijua na ndilo anaandikia risiti.

Ukurasa wenyewe ulifunguliwa zamani na mpwa wake, ambaye siku hizi hapatikani. Wiki iliyopita niliomba umiliki, zikapita siku tatu bila jibu, kwa hiyo leo tunathibitisha kwa video. Msikie tu neno "video". Irekodiwe papo hapo, bila kukatwa. Ionyeshe mtaa, ionyeshe kibao, ionyeshe vifaa vya kazi, halafu ionyeshe kwamba wewe ndiye mwenyewe, kwa mfano unafungua kufuli kwa ufunguo wako.

Kufungua kufuli mchana maana yake ufunge kwanza. Mzee akafunga. Mteja aliyekuwa anakuja kuchukua stuli akaona panafungwa, akageuka. Mzee akamkimbilia. Video ya kwanza ikafa.

Ya pili nikaanzia barabarani. Kibao hakionekani, kimezibwa na mwavuli wa muuza chipsi. Tukamwomba dogo asogee, naye akataka kujua tunarekodi nini, na majirani nao wameanza kunong'ona kwamba hawa ni watu wa kodi. Mafundi wawili wakaingia ndani. Kibandiko cha anwani za makazi kilichowekwa 2022 nacho kiko kwenye ukuta wa mwenye kiwanja, na banda la mzee limeegemea nyuma yake, basi nikazunguka nikikifuata kama mwindaji. Nimefika kwenye cherehani na randa, simu ya mzee ikaita. Ni simu yake tunayorekodia. Akaipokea!

Ya tatu ilikuwa safi. Kufuli, ufunguo, sponji, fremu za mninga, leseni ukutani. Nikabonyeza kutuma, bando likaisha. Nikamrushia la kwangu, tukakaa juu ya kochi lisilo na kitambaa tukitazama kile kiduara kikizunguka. Ikaenda. Jibu linaweza kuchukua hadi siku tano za kazi. Mzee akanitazama kama mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Baada ya hapo sikuangalia tena saa. Nilipita saluni moja Chang'ombe, dada akataka nimnunulie maoni hamsini ya nyota tano. Nikamwambia maoni ya kununua hufutwa, na anaweza kuwaponza wateja wake wa kweli wakaonekana nao waongo. Amwombe kila anayetoka amependeza, mmoja mmoja. Hakufurahi. Jua, miguu, foleni ya Buguruni, nimesimama kwenye daladala na begi la mtu mbavuni mwangu, nikiandika kwa dole gumba maelezo ya duka la spea.

Nimeshakula na nimejilaza, mzee akapiga. Yuko kwake Mbagala.

"Binti, nimeandika makochi hapa. Limetokea la jirani yangu. Mimi simo."

"Mzee, bado hatujathibitishwa. Na hata tukithibitishwa, wewe hapo uko Mbagala, banda liko Keko. Ule umbali niliokwambia."

Kimya. Nikasikia anamwambia mkewe kitu, kisha akarudi kwenye simu, sauti imechangamka.

"Nimekuelewa vizuri sana. Basi kesho ile pini ihamishie huku nyumbani."