Vumbi la zege lianze kuzuiwa kwenye meno ya msumeno

Mafundi wakizungumzia vumbi la zege, kitu cha kwanza kutajwa huwa ni barakoa, nami naona mazungumzo hayo yanaanzia mwisho. Mchanga na kokoto zilizomo ndani ya zege kwa kawaida zina madini yaitwayo silika, na msumeno au grainda inapozisaga, hutoka chembe ndogo mno ambazo hupita puani na kooni bila kunaswa, zikafika ndani kabisa ya mapafu na kuyaachia makovu. Huo ndio ugonjwa wa silikosisi, ambao hauponi, na ambao humwongezea fundi hatari ya kupata kifua kikuu. Tangu mwaka 1997, vumbi hilo linalovutwa kazini limewekwa na watafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Wingu linalotanda ukataji unapoanza hutulia mapema. Kilichobaki hewani bila kuonekana ndicho cha kuogopwa zaidi. Kanuni ya Marekani ya mwaka 2016 inaruhusu wastani wa mikrogramu 50 tu za silika katika kila mita ya ujazo ya hewa kwa zamu ya saa 8, kiasi ambacho jicho haliwezi kukipima.

Kwa hiyo maji yamwagike mfululizo pale pale diski inapouma zege, kutoka kwenye mfumo uliotengenezwa pamoja na mashine. Msaidizi anayenyunyizia kwa chupa iliyotobolewa kifuniko hafanyi kazi hiyo, hata akijitahidi vipi. Pasipofaa maji, grainda ifungwe kava lenye bomba la kifyonza vumbi chenye chujio la HEPA, yaani linalonasa hata chembe ndogo mno, kwa sababu kifyonza cha nyumbani hurudisha hewani zile chembe ndogo.

Usafi wa jioni ndio unaoharibu kazi ya mchana. Tope la kukatia lisipozolewa likiwa bichi, hukauka likawa vumbi upya, na kufagia pakavu au kupuliza nguo kwa kompresa hulirusha usoni. Barakoa bado inahitajika, hasa ndani ya vyumba, lakini haizibi vizuri juu ya ndevu.

Zaidi ya yote, nafasi za mabomba zikiachwa kwenye fomu, yaani mbao za kushikilia zege, kabla ya kulimwaga, sehemu kubwa ya ukataji huo haitahitajika kabisa.