Daftari la mchezo lilikwama kwenye nembo

Jumapili usiku, Ngamiani, Tanga.

Simu imewaka. Nianze na hilo, maana tangu Alhamisi nilikuwa namkwepa shangazi, na nyumba tunakaa moja.

Ni Samsung Galaxy S3, zile za mwaka 2012, mfuniko unaufungua kwa ukucha. Mwaka 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walipozima simu bandia, shangazi alibonyeza *#06#, zikatokea namba za utambulisho wa simu, akazituma kwenda 15090, akajibiwa simu yake halali. Tangu siku hiyo haambiwi kitu. Wenzake wameshabadilisha simu mara tatu, yeye yupo na yake, na ndani ya memo ameandika mchezo wote wa kina mama wa barabara yetu, ule wa kuchangiana pesa na kupokea kwa zamu: nani katoa, nani kapokea, nani bado.

Alhamisi akalalamika nafasi imejaa. Mimi mjuaji nikairuti, yaani nikaifungua mpaka mfumo wake wa ndani, nikaanza kufuta programu zilizokuja na simu, nikafuta na isiyofutwa. Kuizima na kuiwasha, ikagota kwenye jina la Samsung, linafifia, linawaka, linafifia, haliendi mbele. Kilichoniuma zaidi nimekijua baadaye: programu zile zinakaa kwenye fungu la mfumo, picha na memo zinakaa kwenye fungu jingine. Hata ningezifuta zote, shangazi asingepata nafasi ya picha moja. Nimeharibu simu ya mtu bure kabisa.

Habari haikukaa ndani. Kufika Ijumaa mchana, mama mmoja wa mchezo alishaanza kusema yeye ametoa zamani.

Fundi mmoja akaniambia anaipiga flashi, "ila vitu vyote vinaondoka, mkubali kabisa." Sikukubali. Usiku nikashika kitufe cha kuongeza sauti, cha Home na cha kuwashia kwa pamoja, nikaingia kwenye rikavari, ile menyu ya kuokolea simu, na mstari wa kufuta data upo palepale. Nikausogelea mpaka ukabadilika rangi. Nikachomoa betri, nikaenda kulala.

Dawa yake ni kuandika upya mfumo peke yake kutoka kwenye kompyuta, kwa Odin, programu ya mafundi wa Samsung iliyovuja ikafika mpaka kwa watu kama mimi. Faili la mfumo nikalitafuta kwa namba iliyo kwenye karatasi chini ya betri, GT-I9300, maana S3 zipo aina nyingi na faili la nduguye silo lake. Nikachukua Android 4.3, ileile aliyokuwa nayo. Bando la wiki likaishia hapo.

Jumamosi yote ililiwa na waya. Simu inaingia chaji vizuri, kompyuta haiioni. Draiva nimeweka, nimetoa, nimeweka tena. Kumbe waya wenyewe ni wa chaji tu, ndani hauna nyuzi za kupitisha data! Kijana wa vocha jirani na soko la Mgandini akaniazima wake mnene, umefungwa selotepu shingoni. Kuchomeka tu, kisanduku cha ID:COM kwenye Odin kikashika rangi: simu imeonekana.

Leo umeme umekatika saa nane mchana, umerudi saa kumi na moja. Betri ya kompyuta yangu ilishakufa, inaishi kwa waya wa ukutani, na umeme ukiondoka wakati kinaandikwa kile kipande kinachoamsha simu, umebaki na kigae mkononi. Nikasubiri mpaka baada ya isha.

Kupunguza sauti, Home, kuwashia. Likaja onyo, nikalikubali kwa kitufe cha kuongeza sauti, akatokea yule roboti wa kijani. Faili nikaliweka kwenye PDA, nafasi yake ndani ya Odin. Alama ya Re-Partition nimeitazama mara nne kuhakikisha haina tiki, kwani hiyo ndiyo inayogawa upya mafungu, na hapo memo ingekwenda na maji. Nikabonyeza Start. Vipande vidogo, boot na recovery, vikapita kufumba na kufumbua. Ilipofika system.img, mfumo wenyewe, mstari ukaanza kutambaa.

Shangazi akaingia na sahani ya mihogo. "Baba, mbona jasho linakutoka na feni inazunguka?"

"Joto, shangazi."

Akasimama nyuma yangu, hakuuliza tena. Mihogo ikapoa.

Kisanduku kikawa kijani: PASS! Simu ikajizima, ikajiwasha, nembo ikakaa muda mrefu kuliko nilivyopenda, halafu ikalia ule mlio wake wa kuamka. Nikapiga *#06# kwanza, namba zipo. Ndipo nikafungua memo, nikamkabidhi bila kusema neno.

Alishusha orodha kwa kidole, polepole, midomo inacheza. Akaitafuta namba, akapiga palepale, saa nne usiku.

"Shoga, hujalala? Daftari limerudi."

Upande wa pili kukawa kimya.